Dada wa kazi wa kulala kabla mtoto hajaja: maswali mnayouliza kila siku (Arusha na Moshi)

Haya jamani mama kijacho wote, na baba kijacho pia maana nyie ndo mnatumwa kutafuta. Maswali ya dada wa kazi yamekuwa mengi na yanajirudia nikaona bora niyaweke sehemu moja. Naandika kwa mazingira ya huku kwetu, baridi yetu, mama wakwe zetu, mishahara yetu. Msimamo wangu nausema mapema usije ukafika katikati ukashangaa: dada anakuja kubeba nyumba ili wewe ubebe mtoto, na ni mfanyakazi mwenye haki kama wewe unavyozidai kwa bosi wako. Majibu yote yanatokea hapo.

Nimlete lini? Sa hivi mimba ina miezi mitano.

Anza kutafuta sasa, aingie ndani mimba ikiwa na miezi saba, ikichelewa sana mwanzoni mwa mwezi wa nane. Wengi wanasubiri wameshajifungua ndo wanaanza kupiga simu Singida, na hapo unampokea yeyote atakayekuja maana nguvu ya kuchagua huna. Tarehe uliyoandikiwa kliniki ni makadirio tu, mimba ikishafika wiki 37 mtoto anaweza kuja siku yoyote na wengine wanawahi hata kabla ya hapo. Ukiwa na miezi saba bado unaweza kusimama jikoni ukamwonyesha gesi inafungwaje, LUKU ya umeme inaingizwaje, maji yakikatika mnachota wapi, nguo za mtoto zimepangwa droo gani. Ukiwa na kidonda cha oparesheni huwezi.

Afu kuna hili, dada wengi wanaoondoka wanaondoka wiki za mwanzo, nyumba imemshinda au kamkumbuka mama yake. Kama ni wa kuondoka basi heri aondoke mtoto yuko tumboni na una muda wa kutafuta mwingine, kuliko aondoke mtoto ana siku nne na wewe hata kukaa vizuri bado.

Nampata wapi?

Njia inayofanya kazi kuliko zote ni kupitia dada wa kazi wa mtu unayemfahamu. Dada anayekaa vizuri kwa jirani yako Njiro au Rau ana mdogo wake, ana binamu, ana rafiki waliyesoma naye, na hawezi kuleta mtu wa kumharibia jina. Waambie pia wamama wa jumuiya, wa kanisani, wa msikitini, na wale wauza mboga pale Kilombero au Mbuyuni, wale wanajua watu kweli kweli. Wengi wanaokuja huku wanatokea Singida, Kondoa, Babati, Mbulu, Lushoto, kwa hiyo nauli iweke kwenye bajeti na ulipe wewe, usije ukaikata kwenye mshahara wake wa kwanza akaanza kazi na deni.

Dalali je?

Wapo madalali waaminifu, na wapo ambao ukishatuma hela dada anakaa wiki mbili anaondoka na simu ya dalali haipatikani tena. Ukipitia huko patana ulipe nusu dada akifika na nusu baada ya mwezi, akikataa kabisa tafuta mwingine. La muhimu kuliko hela ni hili: ongea na dada mwenyewe kwenye simu kabla hajapanda basi, na uongee na mzazi au mlezi wake, umuulize anajua anakuja kufanya kazi gani. Kuna mabinti wanaambiwa wanaenda kuuza duka mjini halafu wanajikuta kwenye nyumba ya mtu wanafua nepi. Hatakaa huyo, na hata akikaa atakaa na uchungu moyoni karibu na mtoto wako. Tena kumchukua mtu kwa kumdanganya ili akatumikishwe ndo kitu ambacho sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu ya mwaka 2008 inakipiga vita, usikubali kuwa sehemu yake eti kwa sababu una haraka.

Akishafika chukua kopi ya kitambulisho chake cha NIDA, au kama hana, barua ya mtendaji wa kijiji chake, na umpeleke kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa wako atambulike. Kitambulisho chenyewe mrudishie akae nacho mwenyewe. Kumshikia mtu kitambulisho ili asiondoke huko sio kuajiri.

Kuna mtoto wa shangazi kijijini ana miaka 13, kamaliza darasa la saba, mama yake ananibembeleza nimchukue anisaidie na mtoto. Nimchukue?

Hapana. Ukitaka kumchukua mchukue umsomeshe, akae kwako kama mtoto wa kwako, na utafute mtu mwingine wa kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na kuanzia hapo anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru afya na makuzi yake na isiyomzuia kwenda shule. Sasa nambie, kuamka saa tisa usiku, kubeba ndoo za maji, kushika jiko, kukaa peke yake na kichanga mchana kutwa, hapo wepesi uko wapi?

Natumia nguvu kwenye hili swali kwa sababu ndo linaloulizwa kwa upole kuliko yote, "namsaidia tu, kwao hali ngumu". Najua hali ni ngumu, kwa wengi wetu hata kwetu ilikuwa ngumu. Lakini mtoto wa miaka 13 ukimkabidhi kichanga una watoto wawili na hakuna mlezi. Kichanga kikipaliwa na maziwa atafanya nini zaidi ya kulia? Chukua mtu wa miaka 18 kwenda juu, mimi binafsi napenda 22 na kuendelea, na mtu mzima wa miaka 40 aliyelea wa kwake ni hazina. Usiishie kuambiwa "ni mkubwa tu umbo dogo", omba cheti cha kuzaliwa au NIDA. Na ukiona mtoto anatumikishwa au kupigwa nyumba ya jirani piga 116, hiyo ni namba ya msaada kwa watoto, haina malipo.

Mshahara shilingi ngapi?

Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani wa kawaida anayelala kwa mwajiri, na 120,000 kwa yule anayekuja na kurudi kwake. Vima vya sekta binafsi vimepandishwa tena kuanzia Januari 2026, kwa hiyo kabla hujapatana pita ofisi ya kazi ya mkoa uulize cha sasa, Arusha ipo na Moshi ipo, ni swali la dakika tano. Na hicho ni kima cha CHINI, hujaambiwa ndo bei. Ukiwa na kichanga, na unataka mtu mzima, mwenye akili zake, asiyekimbia, mlipe zaidi ya hapo, kuna watu wanamaliza laki mbili kwenye baby shawa afu wanabishana na dada elfu kumi.

Tarehe ya mshahara iwe moja na isibadilike, uingie kwenye laini yake mwenyewe. Hii ya "nakutunzia hela zako utachukua ukienda kwenu" iacheni, mwisho wake ni ugomvi kila mara. Akitaka umtumie mama yake nusu, sawa, lakini aseme yeye. Na usimkate kwa sababu ya sahani au glasi iliyovunjika, sheria haikupi ruhusa ya kukata mshahara wa mtu unavyojisikia.

Patana kabisa na nyongeza. Kazi ya nyumba yenye watu wawili na kazi ya nyumba yenye kichanga ni kazi mbili tofauti, kwa hiyo mwambie tangu siku ya kwanza kwamba mtoto akizaliwa itaongezeka shilingi kadhaa. Uone atakavyomsubiri huyo mtoto kwa furaha.

Kwani lazima mkataba? Si tunaelewana tu?

Mnaelewana sa hivi, mtoto hajaja na mmelala usingizi wa kutosha. Sheria inataka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi, na haihitaji mwanasheria. Chukua karatasi mbili, andika Kiswahili cha kawaida, soma kwa sauti mbele yake, msaini wote na kila mtu abaki na yake. Mfano wa inavyoweza kusomeka:

"Nimemwajiri fulani kuanzia tarehe 1 mwezi wa saba. Kazi: kupika, usafi, kufua nguo za nyumba na za mtoto, kumsaidia mama. Mshahara ni kiasi fulani, unaingia kwenye simu yake kila tarehe 30. Mtoto akizaliwa utaongezwa kiasi fulani. Anapumzika kuanzia Jumapili asubuhi mpaka Jumatatu asubuhi. Likizo siku 28 kwa mwaka kwa malipo, nauli ya kwenda na kurudi nalipa mimi. Chakula, sabuni, pedi na matibabu ni juu yangu. Tukitaka kuachana, anayetaka atoe taarifa siku 28 kabla, ila ndani ya mwezi wa kwanza siku 7."

Basi, imeisha. Hizo 28 na 7 sijazitunga, ndo viwango vya chini vya sheria kwa anayelipwa kwa mwezi, na saa 24 za kupumzika kila wiki nazo zipo kwenye sheria hiyohiyo. Saa za kawaida za kazi ni 45 kwa wiki. Najua mnaguna hapo, na ni kweli nyumba yenye kichanga haifuati saa, ila zikuambie kitu: dada aliyeamka saa kumi na moja alfajiri anatakiwa awe amekaa chini mchana, na saa mbili usiku awe amemaliza. Akizidisha, hayo ni masaa ya ziada na yanalipwa.

Ukitaka kuuliza zaidi upande wa haki zao kuna CHODAWU, chama cha wafanyakazi ambacho wa majumbani wamo.

Nimpime nini? Mume wangu anasema apimwe kila kitu.

Mwambie shemeji sio kila kitu. Kipimo cha ukimwi huwezi kumlazimisha mtu, sheria ya ukimwi ya mwaka 2008 imekataza, na kumkataa mtu kazi kwa sababu ana virusi au ana mimba ni ubaguzi kisheria. Wala kukaa nyumba moja na mtu mwenye virusi, akambeba mtoto, akampikia, hakuambukizi.

Kinachomhusu kichanga moja kwa moja ni kifua. Muulize anakohoa kwa muda gani, kama ni wiki mbili au zaidi, anatoka jasho usiku, anakonda, nenda naye hospitali ya serikali mkaangalie TB, mnaweza kwenda Mount Meru au Mawenzi au kituo cha afya cha karibu, na matibabu ya TB hayalipiwi. Kichanga kinapata BCG, chanjo ya TB, mapema lakini kinga ya kifaduro inaanza na chanjo ya wiki ya 6, kwa hiyo kabla ya hapo yeyote mwenye kikohozi, awe dada, awe shangazi mtu, awe baba mtoto, asimsogelee usoni. Vipimo na nauli lipa wewe, majibu ni yake, mwongee kwa heshima kama mnavyotaka nyie daktari aongee nanyi. Na usimfukuze mtu kwa sababu kakutwa na TB, inatibika, baada ya muda kwenye dozi daktari atawaambia hawezi kuambukiza tena.

Atalala wapi? Nyumba ina vyumba viwili.

Kama chumba cha pili kipo, ni cha kwake na mtoto wako mkubwa kama yupo. Godoro la maana, chandarua, blanketi zito maana baridi ya Juni na Julai ya huku mtu wa Kondoa hajaizoea kabisa, mnunulie na sweta pale Memorial. Mlango ufungwe kwa ndani na ufunguo akae nao yeye. Sebuleni kwenye kochi si mahali pa binti kulala nyumba yenye wanaume wanaopita usiku kwenda chooni.

Na hili tuliseme bila kumumunya. Kabla hajaja kaa na mume wako, na kaka yako anayesoma chuo, na mjomba anayekuja kila wikendi, useme wazi kwamba huyu binti hashikwi, hatumwi chumbani, hataniwi vibaya. Na binti mwenyewe umwambie siku ya kwanza kwamba akisumbuliwa na yeyote, YEYOTE, aje akuambie na utamwamini. Likitokea la kutokea polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Wanawake tuna tabia ya kumfukuza dada tukamwacha aliyemsumbua, tuache.

Sasa mtoto akizaliwa dada anafanya nini na mimi nafanya nini?

Hapa ndo penyewe. Nyumba nyingi mtoto akija dada anapewa mtoto na mama anarudi jikoni "kuchangamka". Iwe kinyume chake. Wiki sita za mwanzo kichanga kinakula kila masaa mawili matatu, usiku na mchana, na chakula chake kiko kifuani kwako, kwa hiyo wa kuwa na mtoto ni wewe. Dada anakuletea maji kila ukikaa kunyonyesha, anakuletea uji, anafua, anapika, anafungua mlango wageni wakija na anajua kusema mama amelala mtarudi jioni. Hili la wageni mfundishe na mume amuunge mkono mbele za watu, maana kwa huku kwetu kumwambia mgeni arudi ni kazi, na dada peke yake hawezi kumzuia mama mchungaji.

Mtoto anambeba saa ngapi? Wakati unaoga, unakula, unalala mchana lisaa limoja mawili, akiwa hapohapo karibu na wewe. Kucheulisha, kubadilisha pampasi, kumpakata jioni wakati analia lia, vyote atajifunza ukiwa unaona. Usiku ni wako na baba mtoto. Dada anayelala usiku atakupikia asubuhi, dada aliyekesha na mtoto asubuhi atakusinzia na mtoto mkononi, na mtu kusinzia na kichanga kwenye kochi ni hatari kweli kweli.

Mama mkwe anakuja kunilea. Bado nahitaji dada?

Unahitaji zaidi. Bibi anakuja na mtori wake, na supu, na kukukanda, na hekima zake, Mungu ambariki, lakini bibi wa miaka 65 asifue mashuka. Tatizo linalokuja ni dada kuwa na mabosi watatu, bibi anamtuma gengeni, wewe unamwita chumbani, baba anauliza shati. Kaeni siku moja kabla, mkubaliane amri za jikoni zinatoka kwa bibi na za mtoto zinatoka kwako, na dada asikie hayo bibi akiwepo. Na mwambie dada ampe bibi shikamoo yake na heshima yake ila bibi akisema mtoto apewe maji ya sukari, jibu ni "ngoja nimuulize mama".

Nimfundishe nini kuhusu mtoto? Anasema amelea wadogo zake wengi.

Amelea, sikatai, na mkono wake utakuwa mwepesi kuliko wako kama huyu ni wa kwanza. Ila vitu vichache usimuachie ajue mwenyewe, mfundishe hata kama anavijua.

Kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika, kila mara. Mtoto hapewi kitu chochote mdomoni miezi sita ya kwanza zaidi ya maziwa ya mama na dawa ya hospitali, hapewi maji, hapewi uji mwepesi, hapewi dawa ya tumbo ya dukani hata akilia vipi. Kitovu kinaachwa kikavu na kisafi, hakipakwi kitu ambacho hukuelekezwa hospitali. Analazwa chali, bila mito na bila mablanketi ya kumfunika uso. Maji ya kuoga anapima kwa kiwiko. Mtoto akilia mpaka kichwa kinamuuma dada, amlaze kitandani salama atoke nje apumue, asimtikise kamwe, kichanga kikitikiswa ubongo unaumia.

Afu jiko la mkaa. Hili ni letu watu wa baridi. Julai asubuhi Sakina au Shanty Town unaona pumzi yako, na mtu kwa mapenzi kabisa anawasha jiko la mkaa, anasubiri liwe jekundu lisitoe moshi, anaingiza chumbani kwa mtoto na kufunga madirisha. Mkaa ule mwekundu usio na moshi ndo unaotoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, mnalala wote hamuamki. Halafu mama anasema lakini hakukuwa na moshi. Mkaa usiingie chumbani, hata dakika kumi. Mtoto anapata joto kwa kofia, soksi, nguo mbili tatu na kifua cha mama yake, ngozi kwa ngozi, mkajifunika khanga na blanketi juu. Mwambie dada, mwambie bibi, mwambie na baba.

Mwisho dalili za hatari: hanyonyi au ananyonya kwa ulegevu sana, anapumua haraka haraka au kifua kinabonyea ndani, mwili wa moto au wa baridi isiyo ya kawaida, degedege, viganja na nyayo za njano, kitovu kinatoa usaha, amelegea haamki. Moja tu ikitokea, hospitali, hata saa nane usiku, duka la dawa hapana. Andika kwenye karatasi ubandike kwenye friji pamoja na namba yako, ya baba, ya jirani mwenye gari na ya bodaboda mnayemwamini.

Siku ya uchungu yeye anafanya nini?

Anabaki nyumbani na mkubwa kama yupo, ndo maana alikuja mapema ili mkubwa awe amemzoea. Hospitali unaenda na baba au mama au dada yako wa damu. Aelewe begi liko wapi, kadi ya kliniki iko wapi, na anayerudi kuchukua supu atapita saa ngapi. Mwachie hela ya matumizi mkononi, usimwache anapiga simu wodini kuuliza hela ya nyanya.

Nikirudi kazini? Nina siku 84 tu.

84 ni kwa mtoto mmoja, mapacha ni 100, na baba anazo tatu. Hesabu tangu sasa. Maandalizi yaanze mtoto akiwa na miezi miwili hivi: unatoka nusu saa unaenda dukani, kesho kutwa lisaa, wiki ijayo asubuhi nzima, mtoto na dada wazoeane ukiwa bado uko karibu.

Kukamua anza wiki mbili tatu kabla. Maziwa uliyoyakamua yanakaa kama masaa 4 nje kwenye joto la kawaida la chumba, siku 4 kwenye friji, na kwenye friza mpaka miezi 6. Andika tarehe kwenye kila kichupa, dada atumie ya zamani kwanza. Kupasha anaweka kichupa kwenye bakuli la maji ya moto, hachemshi jikoni. Anamnywesha kwa kikombe kidogo safi kilichochemshwa, mtoto amekaa nusu wima, kikombe kinagusa mdomo wa chini na mtoto analamba mwenyewe, hamwagiwi. Kikombe ni rahisi kusafisha kuliko chuchu ya chupa, na mfundishe kwa mikono yako, mara ya kwanza maziwa yatamwagika na wewe utasikia uchungu wa kila tone lakini wote wanajua baada ya siku chache. Yaliyobaki kwenye kikombe hayahifadhiwi. Umeme ukikatika asifungue fungue friji.

Na kazini dai masaa yako mawili ya kunyonyesha kwa siku, yako kwenye sheria. Mtu wa Kijenge anayefanya kazi mjini anaweza kurudi mchana akanyonyesha.

Niweke kamera?

Weka sebuleni ukipenda, ila mwambie iko wapi. Chumbani kwake na bafuni hapana.

Simu je? Dada anashinda TikTok.

Simu ni yake na anaihitaji, siku mtoto akibadilika ghafla ndo itakayokuokoa. Mkubaliane tu kwamba akimshika mtoto simu iko mezani, na kila mtu aifuate, wewe na baba pia.

Tarehe yangu ni katikati ya Desemba. Dada anataka kwenda kwao Krismasi.

Ni haki yake kutamani kwao kama nyie mnavyoenda wote vijijini kwenu mwezi huo. Zungumzeni Septemba, sio tarehe 20 Desemba. Mpe likizo Oktoba au Novemba aende siku kumi arudi, au umwambie aende mwishoni mwa Januari kwa nauli yako na kitu cha kumpelekea mama yake, na Desemba hiyo umlipe nyongeza. Nauli za Desemba zinapanda na mabasi yanajaa, hata yeye ukimwelezea vizuri anaona faida. Ila asilazimishwe, na mpango wa pili uwepo, mdogo wako aliyefunga chuo, au mama wa kutwa aliyeshazoea nyumba yenu.

Sina uwezo wa dada wa kulala, nifanyeje?

Chukua wa kutwa. Wapo wamama wa Unga Limited, Kwa Mrombo, Pasua, Njoro, wanakuja saa moja asubuhi wanaondoka saa tisa, na wengi wamelea wa kwao kwa hiyo huhitaji kumfundisha kushika mtoto. Kama hata huyo ni mzito kwa mwezi mzima, mchukue kwa wiki sita za kwanza tu, au siku tatu kwa wiki za kufua na kupika chakula cha kupasha, na zile hela za zawadi watu wanazotaka kukupa waambie wazi kwamba nguo zinatosha, wachangie mshahara wa mama wa kufua. Watu wanaelewa ukiwaambia mapema.